Barua ya Mate

Kwa mate ya mtu mzima mmoja, utafiti ulilipa kipande kimoja cha sabuni. Si mche mzima. Kipande, kimekatwa kwa uzi na kufungwa kwenye kijikaratasi kilichoeleza kwa nini mate yako yanahitajika. Mama mmoja mbele ya foleni aliuliza kama akitema mara mbili atapewa viwili. Akaambiwa hapana. Akasema basi kazi hii haina motisha, na foleni nzima ikacheka, isipokuwa Fundi Bati.

Fundi Bati hakuja kwa ajili ya sabuni. Alikuwa amevaa shati lake la msibani na kandambili alizozisugua kwa jivu, na tangu asubuhi hakuwa ameongea sana, kana kwamba aliogopa kuyamaliza mate njiani. Nyuma yake alisimama bintiye wa miaka kumi na sita, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, na ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekufa kifo cha kawaida. Shuleni walimwita Muhuri, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani kama paka. Alilipata kihalali. Alipokuwa kidato cha pili alichonga muhuri wa matroni kwenye kisigino cha kandambili, akatoa ruhusa za kutoka getini kwa wanafunzi thelathini na mmoja, wakiwemo wawili ambao hawakuomba. Alifyekeshwa majani wiki mbili, akaonywa kwa maandishi kwamba kosa jingine la aina hiyo litamrudisha kwao moja kwa moja, na akabaki na heshima ya kudumu.

Wiki moja kabla ya foleni hiyo, kamati ya ardhi ilibandika orodha ya wenyeji kwenye ukuta wa ofisi. Aliyemo angeandikiwa kiwanja chake, apewe hati, alale usingizi. Asiyekuwemo angehama. Jina la Fundi Bati lilikuwemo, kisha mkono wa mtu ukalipitishia mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ukaandika: "Asili haijulikani." Pingamizi zingesikilizwa baada ya wiki tatu.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Baba yake Fundi aliokotwa. Wabeba chumvi walimkuta kando ya njia, mtoto wa miaka mitano, hana mtu. Mmoja wao akamchukua, akamlea, akamwoza. Alipokufa alizikwa mlimani, katika makaburi ya watu wa mlimani, na siku ile hakuna aliyeuliza asili, kwa kuwa kaburi halihitaji hati.

Habari ya mate aliileta nyumbani mama yake Muhuri, aliyekuwa mfagiaji wa zahanati. Alisema kuna daktari amepewa chumba cha nyuma, anawapima watu wa mlimani na watu wa bondeni aone wanavyotofautiana kwa dienei. Fundi akaweka nyundo chini.

"Wanaona kwenye mate mtu ni wa wapi?"

"Ndivyo nilivyosikia nikipiga deki," alisema mama.

Hivyo jambo lililosikika wakati wa kupiga deki likawa ndiyo kesi nzima ya familia.

Daktari wa Mate, kama watu walivyokwisha kumwita, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye subira ya mtu anayerudia maneno yaleyale mara mia kwa siku.

"Ndani ya mwili wako kuna maandishi marefu," alimwambia Fundi. "Hayo ndiyo vinasaba. Mahali pengine maandishi hayo yana kigugumizi. Herufi chache zinajirudia, zinajirudia. Wewe huenda zinajirudia mara kumi na mbili, jirani yako mara kumi na tano. Namba nyingine ni za kawaida huku, nyingine hazipo kabisa. Kila mahali una namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Sisi hatusomi neno. Tunahesabu kigugumizi."

Fundi alifikiri. "Kama mshono wa ndoo. Mimi nagonga mara kumi na mbili kila shubiri, fundi mwingine anagonga kumi na tano. Ndoo inashika maji vilevile."

Daktari akainua kichwa, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hivyohivyo hasa. Babu mzaa baba alikuwa wa wapi?"

"Mlimani."

Alijibu bila kusita, na akataja jina la yule mbeba chumvi. Muhuri, ambaye sikio lake lilikuwa na mafunzo ya hali ya juu katika uwongo, alisikiliza na hakusikia uwongo wowote. Bibi mzaa baba, mlimani. Wazazi wa mama, mlimani, mlimani. Daktari akasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu la Fundi, akakitia kwenye kichupa, akabandika namba.

"Wa hamsini," alisema. "Mlimani tumefunga. Kesho naanza bondeni."

"Majibu yangu yatatoka lini?"

"Tukimaliza tutakuja kuwaeleza wote."

"Yangu, daktari."

"Ya mtu mmojammoja hatutoi, Fundi. Jina lako liko kwenye fomu tu, na fomu zitaharibiwa. Tunatazama kundi, si mtu. Imeandikwa hapo kwenye karatasi ya sabuni."

"Sawa," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu mzima anayejua kwamba kila ofisi lazima ikatae kwanza.

*

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kibanda cha kazi mbele. Mganga hajigangi, lakini Fundi Bati alikuwa amejiezekea mwenyewe, na paa lake halikuvuja hata tone. Chini ya paa hilo alianza kungoja barua.

Wengine hawakungoja. Siku ya tatu mke wa Mwenyekiti wa kamati alikuja kuchukua karai lake.

"Dada, limebaki tundu moja tu," alisema Fundi.

"Nipe hivyohivyo."

"Litavuja."

"Tundu nitajuana nalo mwenyewe. Nisije nikakuta umehama na karai langu."

Alilibeba kichwani likiwa na tundu lake, na kabla ya jioni vyombo vingine vinne vilifuata njia hiyo. Nyundo, ambayo kwa kawaida haikunyamaza mchana kutwa, ikawa inagonga kidogo, inapumzika, kama mtu anayesahau alichotaka kusema.

Bibi, mama yake Fundi, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga. Alizaliwa mlimani, na wazazi wake na wazazi wa wazazi wake.

"Kwani mimi nimo kwenye hiyo orodha yao?" aliuliza.

"Umo kupitia kwa mumeo, Bibi," alisema Muhuri. "Na mumeo hayumo."

"Kumbe. Nimekaa kwenye ndoa miaka arobaini, nikahama bila kuinuka." Akatupa jani bovu. "Mke mwenzangu, ukitaka kuolewa uliza kwanza mkwe wako aliokotwa wapi. Wote tumeokotwa mahali, ila wengine waliokotwa na wakunga."

Muhuri alicheka. Fundi hakucheka. Alisema barua ikifika mambo yatakwisha.

Wiki ya pili ilipoingia, alianza kwenda kwenye dirisha la zahanati kila asubuhi. Siku moja Muhuri alitumwa kumpelekea mama yake kanga aliyoisahau, akamkuta baba amesimama pale, kofia mkononi, nyuma yake foleni ya wagonjwa.

"Fundi," alisema muuguzi, bila ubaya, kwa uchovu tu, "nimekwambia jana na juzi. Mate yameshakwenda mjini. Hapa hayakuacha anwani."

Foleni ikacheka. Mtu mwenye homa akacheka mpaka akakohoa. Fundi naye akatabasamu, kwa sababu mtu mzima akichekwa hadharani hana pengine pa kuuweka uso, akasema, "Basi nitapita kesho."

Ndani, mama yake Muhuri alikuwa anapiga deki. Hakuinua kichwa. Alisugua kigae kimoja, akakisugua tena, na mumewe alipokwisha kuondoka alikuwa bado yuko kwenye kigae kilekile.

"Mama, si umwambie asije?"

"Nimwambie angoje nini badala yake?" alisema mama. "Nipe kanga yangu."

*

Historia itakumbuka kwamba uamuzi ulifikiwa mchana, tumbo likiwa limeshiba, na mhusika akiwa na akili timamu.

Zana zilikuwa chache. Kandambili zake Muhuri zilikuwa nyembamba kama kisingizio, hazikufaa. Za baba zilikuwa nene. Wakati Fundi amejilaza, Muhuri alichukua ya kushoto, akakata kwa chini duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa, akarudisha kandambili mahali pake ikiwa imetazama uelekeo uleule. Alichonga kwa wembe, herufi zikiwa kinyumenyume, kazi inayohitaji utulivu ambao walimu wake walidai hana. Wino ulikuwa wa kalamu, pamoja na tone la mafuta ya taa.

Barua aliichapisha kwenye duka la kompyuta karibu na soko. Mwenye duka alisoma, akakuna kidevu.

"Wewe ni nani kwenye hii maabara?"

"Tarishi."

"Maabara haina kompyuta?"

"Imeharibika. Ndiyo maana wameajiri tarishi."

Barua ilisema hivi: "Tunathibitisha kwamba mate ya mtajwa hapo juu yamepimwa kwa uangalifu mkubwa na kukutwa ni ya mlimani pande zote nne. Utangamano wa vinasaba vyake ni wa kuridhisha. Mtajwa ni mtu mwema na kazi yake haivuji."

Kilichobaki kilikuwa namba. Hapo Muhuri alisimama. Angeweza kubuni, lakini daktari alisema namba nyingine ni za kawaida huku na nyingine hazipo kabisa, na kubuni namba isiyopo kungekuwa uzembe. Muhuri hakuwa mzembe. Aliifungua karatasi ya sabuni. Chini, ndani ya kisanduku, palikuwa na namba za kweli, zilizopangwa mbilimbili, mahali saba: kumi na mbili na kumi na tano, tisa na tisa, kumi na saba na ishirini na moja, na kuendelea. Akazinakili zote kwa utaratibu, hata moja asikosee.

Juu ya kisanduku palikuwa na neno dogo, "Mfano," ambalo aliliona, na ambalo alilichukulia kama wanafunzi wote wanavyochukulia mfano ubaoni: kwamba umewekwa pale ili unakiliwe.

"Kuna mtu wa pikipiki ameleta hii," alisema, akampa baba bahasha.

Fundi alinawa mikono kwanza. Alisoma amesimama, akasoma amekaa, akaita kila mtu akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye "kazi yake haivuji" aliishusha barua, akaenda kutazama paa kwa muda, kama mtu aliyesikia panya. Mama yake Muhuri alimtazama mume, kisha akamtazama binti kwa muda mrefu zaidi.

Bibi aliomba aishike barua, ingawa hakujua kusoma. Akaigeuza, akainusa. Ilinuka mafuta ya taa.

"Hii imeandikwa na mtu anayetupenda," alisema. "Mimi na umri wangu wote sijawahi kupendwa na ofisi."

"Mama nawe!" alisema Fundi huku akicheka. Alikuwa hajacheka kwa siku kumi na tisa. "Hata ofisi zina watu."

Muhuri alikuwa ametoa hati nyingi za uwongo maishani mwake, lakini zote alikuwa amewapa waliojua.

Asubuhi ya mkutano alimfuata baba kibandani. Fundi alikuwa anapiga pasi shati la msibani.

"Baba, ile barua..."

"Iko hapa." Akagusa mfuko.

"Nataka kukwambia kitu."

"Utaniambia tukirudi. Leo usinitie maneno kichwani, nimekariri namba zote." Akavaa kandambili, akapiga hatua mbili, akatazama chini. "Hii ya kushoto inanizamisha. Itakuwa panya." Akaondoka mbele, kichwa juu, akichechemea kidogo.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, kwa hiyo watu wazima wote walikaa magoti yakigusa kidevu. Mbele alikaa Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano, na pembeni yake katibu, Mwalimu Mstaafu, aliyewafundisha nusu ya waliokuwemo na bado aliwatazama kama watu ambao hawajakusanya madaftari.

Fundi alipoitwa alisimama, akafunua barua, akasoma yote. Alisoma vizuri. Alipomaliza, mtu wa nyuma akapiga makofi, na mwingine, na mama mmoja akasema, "Si nilisema? Yule mzee alikuwa na mwendo wa kwetu kabisa!" Mwenyekiti alifungua mdomo, akakosa cha kutia ndani yake.

Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka ishirini, familia ya Fundi Bati ilikuwa na kiwanja.

"Naomba niione," alisema Mwalimu Mstaafu.

Akaisoma kwa kalamu mkononi. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na miwili," alisema. "Mimi ujuzi wa mate sina. Nina ujuzi mmoja tu. Nani ana karatasi ya sabuni?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwalimu akairudisha barua kwa Fundi.

"Fundi, soma namba zako. Mahali pa kwanza."

"Kumi na mbili, kumi na tano," alisema Fundi, bila kutazama, kwa fahari ya mtu aliyekariri.

"Kumi na mbili, kumi na tano," alisoma Mwalimu kwenye karatasi ya sabuni. "Pa pili?"

"Tisa, tisa."

"Tisa, tisa. Pa tatu?"

Fundi sasa alikuwa anatazama. "Kumi na saba," alisema polepole, "ishirini na moja."

Darasa likamalizia naye kwa pamoja, kama watoto wanaoimba hesabu ya mara mbili, kwa sababu karatasi nyingine zilikuwa zimeshafunguliwa kila upande. Mahali pa nne walicheka. Pa tano wakapiga madawati. Muhuri, aliyekuwa amebanwa ukutani nyuma, alitamani sakafu ifunguke, na sakafu, ambayo ilikuwa ya saruji, haikumjali.

"Basi," alisema Mwalimu, na hakuwa anacheka, "ama Fundi ndiye mfano wenyewe, ama barua hii imenakiliwa."

Fundi aliigeuza barua kuelekea dirishani. Alitazama muhuri. Ndani ya duara la wino, katikati ya herufi, palikuwa na vimistari vilivyokatana, vialmasi vidogovidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Alivitazama kama anavyotazama mshono. Kisha akatazama mguu wake wa kushoto.

Taratibu akaurudisha ule mguu nyuma, akauficha nyuma ya wa kulia.

"Ni mimi," alisema. "Nimeiandika mimi."

"Wewe, Fundi?" Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "'Utangamano wa vinasaba' uliupata kwenye bati gani?"

"Nimeiandika mimi, Mwalimu."

"Baba..." Muhuri alianza.

"Kaa chini!" Hakuwahi kumpigia kelele hata siku moja, na sauti yenyewe ilitoka imepasuka, kama kitu kisichozoea kutumika. "Huyu mtoto wa bweni hajui chochote. Shule inafunguliwa Jumatatu. Aachwe."

Mwalimu Mstaafu alimtazama Muhuri, na Muhuri akajua kwamba anajua. Alijua shule, alijua jina, pengine alijua hata habari za matroni. Kalamu ilikaa hewani. Halafu akainama akaandika kwenye daftari la mkutano, huku akisoma kwa sauti: "Mhusika amekiri mwenyewe."

Mwenyekiti alipata sauti yake. "Mnaona? Mtu wa mlimani halisi hawezi kughushi!"

"Na yule mweka hazina wetu?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Yule ni mambo mengine. Alikuwa na matatizo."

Safari hii jina halikupigwa mstari. Lilipakwa wino mpaka likawa kidimbwi cheusi. Walipewa siku kumi na nne.

*

Fundi alilishusha paa mwenyewe. Misumari aliing'oa mmojammoja, akainyoosha kwa nyundo, akaitia kwenye kopo. Nyumba isiyo na paa ilionekana ndogo ajabu, kama mtu aliyevuliwa kofia. Muhuri alimwomba matroni ruhusa ya siku mbili, ya kweli, iliyogongwa muhuri wa kweli, akaja kupokea mabati chini ya ngazi.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Fundi alishuka, akakaa kwenye ngazi ya chini. "Kiwanja kilikuwa kimeshakwenda. Ningewapa na shule?" Akavua kandambili ya kushoto, akalitazama lile tundu. "Kazi safi, lakini. Herufi zimekaa sawa. Ila siku nyingine kata ya kulia. Huu wa kushoto ndio ninaoukanyagia."

"Baba, zile namba, sikufikiri kama..."

"Mimi ndiye niliyezikariri," alisema Fundi. "Nilizikariri kama sala."

Kaka yake Bibi alikuja kumwambia dada yake anaweza kubaki. Kuna chumba cha stoo, na yeye asili yake haina shaka. Bibi alikuwa tayari amekaa juu ya mzigo kwenye mkokoteni.

"Nibaki ili mnihesabu?" alisema. "Ahsante. Mmeshahesabu vya kutosha." Lakini walipopita makaburini hakutania. Alifunika uso kwa kanga, na mkokoteni ukapita.

Walipanga chumba kimoja kando ya barabara ya malori. Paa lilikuwa la mwenye nyumba, na lilivuja. Mwenye nyumba alikataza paa lake kugongwa misumari. Mabati ya Fundi yalisimamishwa ukutani nje. Mama yake Muhuri sasa alitembea saa moja na nusu kwenda zahanati, akipita kila siku mbele ya kiwanja chao cha zamani. Mke wa Mwenyekiti alikuwa ameanika nguo pale.

*

Daktari wa Mate alirudi baada ya miezi minane, kama alivyoahidi. Ilikuwa likizo, na Muhuri alikuwa amemsindikiza mama yake kazini. Alisikia tangazo, akaenda darasani, akasimama nje ya dirisha. Hakuona kama ana haki ya mlango.

Daktari alikuwa amebandika ubaoni picha kubwa ya nukta, mia moja, za buluu kwa watu wa mlimani, nyekundu kwa watu wa bondeni. Nukta hizo hazikuwa pande mbili. Zilikuwa zimemwagika pamoja kama shanga za watoto wawili waliogombana.

"Tofauti tulizozihesabu," alisema daktari, "karibu zote ziko kati ya mtu na mtu wa kundi lakelake, yaani kati yako na huyo uliyekaa naye dawati moja. Kati ya mlimani na bondeni ni ndogo sana."

Watu wakageuka kutazama wenzao wa dawati.

"Mashine haikuharibika?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tulipima mara mbili."

"Basi najua tatizo." Mwenyekiti akasimama. "Daktari, katika watu wetu hamsini mmoja aliingia kwa hila. Mtu asiye na asili. Tumeshamwondoa hapa kwetu. Na wewe mtoe hapo ubaoni, uone kama picha haitakaa sawa."

"Siwezi. Nilichonacho ni namba. Fomu za majina zimeharibiwa, kama tulivyokubaliana."

"Mtafute kwa mate yake! Si mnaona kila kitu?"

"Nimezitazama hizi hamsini kwa miezi minane," alisema daktari. "Hakuna hata moja inayoniambia kwamba huyu si mwenzenu."

"Toa mmoja tu, basi!"

"Yupi?"

Mwenyekiti akanyoosha kidole ubaoni. Kidole kikazunguka juu ya nukta za buluu, kikaenda kushoto, kikarudi, kikasita. Watu wote walikifuata kwa macho, na kila mtu, kilipokaribia, alijivuta nyuma kidogo kwenye dawati lake. Mwalimu Mstaafu alikuwa amevua miwani na hakuivaa.

Kidole kikashuka. Mwenyekiti akakaa.

Muhuri alikimbia njia yote. Alifika hana pumzi, akamkuta baba nje ya chumba, amekaa kwenye kopo la misumari, anafunga mshono wa ndoo ya mtu wa malori.

"Baba! Wameshindwa kukutoa!"

"Nani?"

"Wote. Daktari amekataa. Picha iko ubaoni, watu hamsini wa mlimani, na wewe umo. Hawajui wewe ni yupi. Umo, Baba, hawawezi kukufuta."

Fundi aliisogeza ndoo, akatafuta mahali alipoachia.

"Nimo wapi?"

"Kwenye hesabu yao."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu na mtu wa mbali. Kisha akatazama juu, kwenye paa la mwenye nyumba, ambako palikuwa na tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Na huko kwenye hesabu," aliuliza, "kuna paa?"

Muhuri aliketi chini kando yake, akashika upande wa pili wa ndoo isiyumbe. Fundi akaanza kugonga, na yeye akawa anahesabu moyoni. Alifika kumi na mbili, nyundo ikasimama, mshono ukawa umefunga.